Programu ya Kahawa ya Igamba Iendeshwe kwenye Simu Gani?

Tarehe 8 Agosti 2022, kwenye kilele cha Nane Nane katika viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa mbolea ya ruzuku. Msimu ule wakulima wengi wa Mbozi walitumia mfumo wa kidijitali bila kununua kifaa chochote kipya. Jina la mkulima liliandikwa kwenye daftari la kijiji, likaingizwa kwenye mfumo, namba yake ikaja kwa ujumbe mfupi wa simu, naye akaipeleka kwa wakala ili ithibitishwe kabla ya kupewa mfuko. Daftari, kitochi, kifaa cha wakala, seva. Huo ni mfumo mmoja uliopita katika majukwaa manne, na misururu mirefu iliyoripotiwa msimu ule haikuwa kwenye kitochi cha mkulima. Ilikuwa mlangoni kwa wakala.

Mfano huo unafaa kuwekwa mezani kila timu ya wasanidi inapokaa kuamua programu yao ifanye kazi kwenye majukwaa gani. Mara nyingi mjadala huanza na swali la mjini: tutengeneze kwa Android peke yake, au na iPhone? Kisha hufuata takwimu za nchi nzima, mtu mmoja anataja chombo kipya cha kutengenezea programu kinachodaiwa kufanya kazi popote, na uamuzi unapitishwa. Nadhani swali hilo limewekwa mahali pasipo pake. Jukwaa la lazima ni lile ambalo likikosekana, kuna mtu atakosa haki yake na hana njia nyingine ya kuipata. Yaliyobaki ni ya hiari, na kila la hiari unalokubali kulibeba lazima liwe na mtu anayelijibia kwa jina, siku ya uzinduzi na miaka mitano baadaye.

Nitalipima hilo kwa Igamba. Ni kata ya wilaya ya Mbozi, katika mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ni nchi ya Wanyiha, ya kahawa ya arabika, mahindi na maharage. Makao makuu ya wilaya na ya mkoa yako Vwawa, na mpaka wa Zambia uko Tunduma, mji wa malori. Tuchukue mradi wa kufikirika lakini wenye sura ya miradi mingi halisi: programu ya chama cha msingi cha ushirika, yaani AMCOS, inayorekodi kilo za kahawa alizoleta kila mwanachama, makato yake, malipo ya awali, na malipo ya pili baada ya kahawa kuuzwa mnadani. Nani anagusa programu hiyo? Mkulima anayetaka kujua deni lake kwa chama au la chama kwake. Karani aliyesimama kwenye mizani. Meneja wa chama na bodi yake. Ofisa ushirika wa wilaya. Hawa wanne hawashiki kifaa cha aina moja, na hakuna sababu ya kuwalazimisha.

Nianze na mkulima, kwa sababu yeye ndiye asiye na uchaguzi.

Wenye simu janja Igamba wapo, na wanaongezeka kila msimu wa mauzo. Lakini uamuzi hauwezi kujengwa juu ya walio nazo, kwa sababu programu inayomwonyesha mkulima kilo zake inahitajika zaidi na yule asiyekuwa na namna ya kumbana karani: mama mjane mwenye miche michache, mzee ambaye kitochi chake kinashikiliwa kwa mpira. Takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano hapa husaidia kidogo tu, maana zinahesabu laini, na mtu mmoja anaweza kuwa na laini tatu huku kaya nzima ikiwa na simu moja. Hilo la simu moja kwa kaya lina uzito wake. Ujumbe wa malipo unaoingia kwenye simu ya baba si lazima umfikie mama aliyechuma kahawa. Anayechagua jukwaa anachagua pia nani ndani ya nyumba atakuwa wa kwanza kusoma.

Afrika Mashariki tuna somo kubwa juu ya kitochi, na limo ndani ya M-Pesa. Safaricom ilipoizindua Kenya Machi 2007, ilichagua kuiweka menyu ndani ya kadi ya laini yenyewe. Mteja alibadilisha kadi, menyu ikaonekana kwenye simu yoyote yenye uwezo wa kuisoma kadi hiyo, hata simu ya bei ya chini kabisa dukani. Alijaza namba, kiasi na namba ya siri hapo hapo kwenye simu, kisha taarifa zikaondoka zikiwa zimefungwa kwa usalama. Vodacom ilipoileta huduma hiyo Tanzania mwaka 2008, ilikwenda kwa njia nyingine: mteja anapiga *150*00# na menyu inaletwa na mtandao wakati ule ule. Hakuna kadi ya kubadilisha, na simu yoyote inayoweza kupiga inatosha. Gharama yake ni kwamba mawasiliano lazima yashike tangu mwanzo hadi mwisho. Mtandao ukikatika ukiwa hatua ya nne, unaanza upya.

Njia zote mbili zilifanikiwa, kwa hiyo tofauti yake si nani alikosea. Tofauti ni mwenye jukwaa. Kadi ya laini ni mali ya kampuni ya simu, hivyo njia ya Kenya iliwezekana kwa sababu mwenye kadi ndiye mwenye huduma. Chama cha msingi cha Igamba hakina kadi ya kuwagawia wanachama, kwa hiyo mlango huo umefungwa kwake tangu mwanzo. Menyu ya nyota na reli iko wazi zaidi, lakini nayo haiko huru. Namba hutolewa na Mamlaka, makubaliano hufanywa na kampuni za simu, na kila kikao kina mtu anayekilipia. Huyu wa Vodacom, yule wa Airtel, mwingine wa Halotel, mwingine wa Yas, ambayo hadi Novemba 2024 ilikuwa ikiitwa Tigo. Kwa msanidi wa Dar es Salaam hayo ni majina ya wateja wa jumla. Kwa mradi wa Igamba kila kampuni ni jukwaa kamili: ina masharti yake, muda wake wa kukata kikao, hitilafu zake, na lazima ijaribiwe peke yake. Timu inayojisifu kwamba inahudumia jukwaa moja, yaani simu za kawaida, kumbe inahudumia manne au matano.

Ukurasa mmoja wa menyu hiyo hubeba herufi 182. Kiswahili chetu chenye maneno marefu hujaza nafasi hiyo haraka. Jaribu kuandika salio la mwanachama: jina, kilo za msimu, makato ya pembejeo, kilicholipwa, kilichobaki, na chaguo la kurudi nyuma. Hapo ndipo unapoona kwamba kuchagua jukwaa ni kuchagua maudhui. Kama herufi 182 hazitoshi kueleza makato, mkulima hataelezwa makato, hata kama programu nzuri ya Android inayaonyesha kwa rangi tatu.

Serikali yenyewe ililiona jambo hili mapema. Mamlaka ya Serikali Mtandao inaendesha mlango mmoja wa simu, *152*00#, ambao taasisi za umma zinaweza kuwekea huduma zao badala ya kila moja kwenda kuomba namba na kufunga mikataba yake. Busara ya mpango huo ni kwamba mzigo wa jukwaa gumu umebebwa mahali pamoja na watu wanaolipwa kwa kazi hiyo. Chama kidogo hakitaweza kubeba mzigo huo peke yake. Chama kikuu cha ushirika au shirikisho la vyama linaweza, na ningependa kuona hilo likifanyika kabla ya kila AMCOS kuuziwa programu yake.

Pamoja na hayo, mwanzo mzuri kwa mkulima ni ujumbe mfupi wa upande mmoja. Karani akimaliza kupima, ujumbe uondoke: jina, kilo, tarehe, namba ya stakabadhi. Hauhitaji menyu wala kikao, unasubiri simu ikiwa imezimika chaji, na unabaki kwenye simu kama ushahidi. Ni herufi 160, na zinatosha.

Sasa twende kwenye mizani, kwa karani, maana hapo ndipo miradi mingi huvunjikia.

Saa kumi jioni wakati wa mavuno, foleni ya ndoo na magunia ya kahawa mbivu inafika barabarani, kwa sababu kahawa iliyochumwa leo haina budi kumenywa leo. Karani anasoma mizani, anaandika kitabuni, kisha anachukua simu. Ni Tecno au itel au Infinix, zote za kampuni ya Transsion ya China, na boksi lake liliandikwa hifadhi ya gigabaiti 16. Sehemu kubwa ya hiyo imeliwa na mfumo endeshi wenyewe kabla hajaweka chochote. Iliyobaki imejaa sauti za kikundi cha msiba, video za kwaya, picha za mahindi yaliyoshambuliwa na viwavi. Toleo jipya la programu linataka kushuka, simu inasema hifadhi haitoshi. Karani hafuti video za kwaya. Anabaki na toleo la miezi minane iliyopita, ambalo seva imeacha kulipokea, na kuanzia hapo kilo zinabaki kitabuni.

Kwa macho ya msanidi, simu hiyo ni Android, na Android imeshawekewa alama ya tiki. Kwa kweli ni jukwaa lenye masharti manne ambayo hayakuandikwa popote: hifadhi ndogo, toleo la zamani, bando la kununua kwa siku, na chaji ya sola. Neno Android peke yake halisemi kitu. Orodha ya majukwaa inapaswa kusomeka hivi: toleo la chini ni lipi, programu ikishawekwa isizidi ukubwa gani, inaweza kukaa siku ngapi bila mtandao na isipoteze rekodi hata moja, na simu gani hasa, kwa jina la modeli, imewekwa mezani kwa majaribio. Bila sentensi hizo nne uamuzi haujafanyika bado.

Hapa kuna tofauti ambayo naiona inapuuzwa sana. Kuna majukwaa unayoyakuta na majukwaa unayoyanunua. Kitochi cha mkulima unakikuta. Wanachama ni mamia, simu ni zao, na huna amri juu yake. Lakini makarani wa mizani ni wawili au watatu kwa chama, na chama kinaweza kuwanunulia simu za kazi. Gharama ya simu tatu mpya ni ndogo kuliko gharama ya kumlipa msanidi ahakikishe, toleo baada ya toleo, kwamba programu inakubali kila simu chakavu ambayo karani anaweza kuja nayo. Timu nyingi hujitesa kuhudumia Android ya zamani kabisa upande wa karani, kisha zinamwambia mkulima apakue programu kutoka Play Store. Ni kinyume. Pale ambapo watumiaji ni wachache na wanajulikana, punguza majukwaa kwa kuwapa kifaa. Pale ambapo ni wengi na kifaa ni chao, shuka hadi walipo.

Historia ya programu za afya nchini inaonyesha jinsi uamuzi wa namna hii unavyoweza kufanywa kwa akili. Mwishoni mwa muongo wa 2000, shirika la Dimagi pamoja na D-tree walianza kujaribu CommCare jijini Dar es Salaam kwa wahudumu wa afya wanaotembelea nyumba kwa nyumba. Simu janja zilikuwa chache mno, hivyo programu iliandikwa kwa Java ya simu ndogo, ile iliyokuwa ndani ya Nokia za kawaida. Moyo wake ulikuwa maktaba ya msimbo huria iitwayo JavaROSA, ambayo kazi yake ni moja: kusoma fomu, kuuliza maswali kwa mpangilio, kurukia swali linalofuata kulingana na jibu, na kutunza majibu. Mwaka 2008 profesa Gaetano Borriello wa Chuo Kikuu cha Washington na wanafunzi wake walianzisha Open Data Kit, wakachagua Android peke yake. Mwaka ule ndio simu ya kwanza ya Android iliingia sokoni, na katika vijiji vyetu haikuwepo hata moja. Ukihesabu vifaa tu, ulikuwa uamuzi wa ajabu. Lakini walikuwa wakiwatengenezea wakusanya takwimu, watu wanaopewa simu na mradi. Jukwaa lao lilikuwa la kununuliwa.

Kilichonivutia zaidi ni kilichofuata. Open Data Kit nayo ilitumia JavaROSA ndani yake. Na CommCare ilipohamia Android, ilijengwa juu ya kazi ya Open Data Kit. Kwa kuwa mantiki ya fomu ilikuwa imetenganishwa na sura ya simu, kuhama kutoka Nokia hadi Android hakukulazimisha kuandika upya sheria zote za tiba na maswali ya mjamzito. Baadaye toleo la Nokia lilistaafishwa na kazi ikaendelea. Kwa programu ya kahawa maana yake iko wazi: hesabu ya makato, bei kwa daraja, na mpangilio wa malipo viwe mahali pamoja, vijaribiwe mahali pamoja, na visijue kama anayeuliza yuko kwenye kitochi, kwenye Tecno au kwenye kompyuta ya meneja. Timu iliyofanya hivyo inaweza kuongeza jukwaa kwa wiki chache. Timu iliyochanganya hesabu na vitufe vya skrini itaandika makato mara tatu, na siku moja majibu matatu yatatofautiana mbele ya mkutano mkuu wa chama.

Vyombo vya kutengenezea programu mara moja kwa majukwaa mengi ni vizuri, na sina ugomvi navyo. Sun ilitoa ahadi hiyo kwa Java tangu 1995, Facebook ikaitoa kwa React Native mwaka 2015, Google kwa Flutter. Ila ahadi yao ni juu ya kuandika, na gharama kubwa iko kwenye kujaribu. Msimbo ule ule ukiwekwa kwenye simu ya Huawei iliyotoka baada ya vikwazo vya Marekani vya 2019, simu isiyo na huduma za Google, ramani na arifa vinaweza kukataa kama vilitegemea huduma hizo. Chombo hakikuambii. Anayekuambia ni mtu aliyeishika simu hiyo.

Kuna majukwaa yanayovutia kwa sababu yamekaa katikati. KaiOS ilikuwa hivyo. Ilikuja na vitochi vyenye intaneti na WhatsApp, kampuni za simu za hapa nchini zikaviuza kwa jina la kitochi janja, na Google ikawekeza dola milioni 22 mwaka 2018. Ilionekana kama jibu kamili kwa Igamba: bei ya chini, chaji ya siku nyingi, na mtandao. Kisha WhatsApp ikasimamisha upakuaji mpya kwenye KaiOS katikati ya 2024, na sababu kubwa ya watu kununua simu hizo ikaondoka. Mradi mdogo uliojenga programu maalumu kwa KaiOS ulibaki na kazi ya kutunza kitu ambacho mwenye nacho mkubwa amekiacha. Jukwaa la kati kama hilo lisibebwe na chama. Mwenye kitochi janja anaweza kupata ujumbe mfupi kama mwenye kitochi cha kawaida, hakosi chochote cha haki yake.

Upande wa kompyuta mambo yamejificha kidogo. Meneja wa AMCOS hana budi kupeleka taarifa kwenye MUVU, mfumo wa usimamizi wa vyama vya ushirika ulio chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na huko anahitaji kivinjari. Wengi hufanya kazi hiyo steshenari, kwenye duka lenye kompyuta moja au mbili, printa, na kijana anayejua kujaza kila fomu ya serikali, kuanzia mikopo ya elimu ya juu hadi maombi ya ajira. Kijana huyo ni sehemu ya jukwaa. Kompyuta yake ni ya mtumba, pengine bado ina Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2020. Chrome ya mwisho kwa Windows 7 ni toleo la 109, la mwaka 2023, wakati Firefox iliendelea kuipa marekebisho ya usalama kupitia toleo lake la 115. Programu ya wavuti iliyoandikwa kwa vivinjari vipya tu itafunguka kwenye kompyuta ya msanidi na kubaki nyeupe steshenari. Hapa ningeibeba Chrome 109 kwa ripoti za kusoma na kuchapa, lakini si kwa kuidhinisha malipo. Kompyuta isiyopata marekebisho ya usalama, inayotumiwa na kila mtu anayeingia dukani, haipaswi kushika nywila ya anayetoa fedha za wanachama mia tatu. Jukwaa linaweza kufaa kwa kazi moja na kukataliwa kwa nyingine, na orodha nzuri husema hivyo waziwazi.

Karatasi nayo ni jukwaa, na katika sekta ya afya tumelijua hilo kwa miaka mingi. Mfumo wa DHIS2, wenye asili ya Chuo Kikuu cha Oslo na Afrika Kusini, unaendeshwa kwenye kivinjari, lakini zahanati nyingi zilikutana nao kupitia vitabu vya MTUHA, ambavyo takwimu zake zilipelekwa wilayani kuingizwa kwenye kompyuta. Waliopanga fomu za skrini zifanane na kurasa za kitabu walipunguza makosa ya kunakili. Kwenye kahawa, stakabadhi ya mkononi ndiyo mkulima anayoiamini, na ni haki yake kuiamini. Wapo wanaopendekeza printa ndogo ya Bluetooth kama zile za kukusanyia ushuru. Karatasi ya printa hizo hufifia kwa joto na jua, na malipo ya pili ya kahawa huja miezi kadhaa baada ya kupima. Mkulima atakayekuja kudai na kipande cheupe atadai nini? Kitabu cha nakala chenye karatasi ya kaboni kinashinda hapa, na programu ipangwe ikubaliane nacho: namba ya stakabadhi ya kitabu ndiyo iwe namba ya rekodi kwenye simu.

Kuhusu iPhone sina mengi. Kuitengenezea kunahitaji kompyuta ya Mac, ada ya dola 99 kila mwaka kwa Apple, na mtu wa kuijaribu. Hakuna kazi katika mnyororo huu wa Igamba ambayo haitafanyika kwa kukosekana kwake. Mjumbe wa bodi au mtoto wa mkulima aliyeko Dar es Salaam mwenye iPhone afungue ukurasa wa wavuti. Kuna wafadhili wanaoitaka kwa sababu wao wenyewe wanaitumia, na timu hukubali ili kuwaridhisha. Wafadhili hao waombwe, kwa heshima, kulipia mtu wa kuitunza kwa miaka yote ya mradi. Wengi wataliondoa ombi lenyewe.

Tunduma ina tatizo lake. Mfanyabiashara anayenunua mazao Mbozi na kuuza Nakonde anatembea na laini ya Zambia, na menyu ya nyota na reli ya Tanzania haifiki kwenye laini hiyo. Kama programu itamhusu mnunuzi, huyo anahitaji wavuti. Kama inamhusu mkulima tu, suala hilo liachwe.

Miradi mikubwa ya programu huria duniani imelazimika kuyapanga haya kwa maandishi. Lugha ya Rust ina madaraja matatu: la kwanza ni la majukwaa yaliyohakikishwa kufanya kazi, la pili ni yaliyohakikishwa kujengeka tu, la tatu halina hakikisho lolote. Python imekwenda mbali zaidi kwenye waraka wake nambari 11. Jukwaa la daraja la kwanza likifeli majaribio, toleo jipya halitoki. Ili jukwaa liingie daraja la pili lazima wasanidi wakuu wawili waandikishe majina yao kulisimamia, na daraja la tatu lazima awepo mmoja. Asipopatikana, jukwaa linatoka. Naupenda utaratibu huo kwa sababu haujali jukwaa lina wapenzi wangapi. Unauliza nani ataamka likiharibika.

Kwa Igamba ningeuchukua hivi. Daraja la kwanza, ambalo likifeli toleo halitoki: ujumbe mfupi kwa kila mtandao wenye wanachama, simu ya kazi ya karani ya modeli iliyonunuliwa na chama, na kitabu cha stakabadhi. Daraja la pili: wavuti kwa meneja na ofisa ushirika, kwenye vivinjari vya sasa, na ripoti za kusoma kwenye Chrome 109, chini ya usimamizi wa watu wawili ambao mmoja wao anaishi Mbozi. Menyu ya simu iingie daraja hilo pale tu chama kikuu kitakapoibeba kwa niaba ya vyama vyote. Daraja la tatu: programu ya Android kwa mkulima mwenyewe, kama kuna kijana wa chama aliyejitolea kuitunza. Anaweza akawepo. Vijana wa Songwe waliosoma kompyuta wapo, na mradi unaowapa jukwaa moja la kulisimamia unawapa kazi yenye maana kuliko kuwaita kwenye semina. KaiOS na iPhone hazimo.

Namna ya kupata ukweli wa orodha hiyo ni kwenda kwenye mkutano wa chama na kuomba watu waonyeshe simu zao, aina na mtandao, na kuuliza pia simu hiyo ni ya nani nyumbani. Wanawake waulizwe peke yao. Kazi hiyo inamalizika kwa siku moja kwa chama kimoja, na inafaa kurudiwa kila mwaka kabla ya mavuno, kwa sababu baada ya malipo mazuri simu hubadilika.

Limebaki suala la kuacha jukwaa, ambalo hupangwa mwishoni ilhali lilipaswa kuandikwa siku ya kwanza. WhatsApp iliziacha Nokia za S40 mwisho wa 2018, Windows Phone mwisho wa 2019, na Android za zamani kwa awamu, kila mara kwa tangazo la mapema lenye tarehe. Tanzania ilipozima simu bandia tarehe 16 Juni 2016, watu walikuwa wametangaziwa kwa miezi na kupewa njia ya kuhakiki kwa kubonyeza *#06#, na bado wapo walioamka asubuhi simu ikiwa kimya. Kwa chama cha kahawa tarehe ina maana kuliko kitu kingine. Usizime jukwaa kati ya mavuno na malipo ya pili, hata kama seva ya zamani inakula fedha. Zima baada ya mwanachama wa mwisho kulipwa, tangaza kwenye mkutano mkuu na kwa ujumbe mfupi kwenye jukwaa lile lile linalozimwa, na kabla ya kuzima chapisha salio la kila mwanachama kwenye karatasi, apewe mkononi na asaini kwamba amelipokea.